Mwalimu wa Kiingereza kutoka ng'ambo anakuja Januari: tumwandalie nini?

SWALI: Mimi ni makamu mkuu wa shule ya sekondari binafsi upande wa Veyula, nje kidogo ya Dodoma mjini. Januari tunampokea mwalimu wa Kiingereza kutoka Marekani, dada wa miaka 24, atakaa mwaka mmoja. Mwaka juzi tulimpata kijana mwingine, akaondoka kabla ya Pasaka. Alisema amechoka tu, hakueleza zaidi. Bodi inaniuliza safari hii tumejiandaaje, na mimi ninachojua ni kupanga vipindi, siyo kupanga maisha ya mtu. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, shikilia hilo neno "amechoka tu", maana ndilo lenye jibu. Kufundisha peke yake hakumfukuzi mtu kabla ya Pasaka. Kinachommaliza mwalimu mgeni ni kwamba siku yake haina jambo dogo. Maji ya kuoga ni swali, umeme ni swali, mkutano wa saa nane ni swali, na kila swali lazima amtafute mtu wa kumwuliza. Akiingia darasani saa mbili asubuhi ameshatumia nusu ya nguvu zake. Kwa hiyo anzeni na siku yake tangu alfajiri hadi usiku, ratiba ya vipindi ije mwisho.

Ila kuna jambo moja halisubiri, nalo ni vibali. Viza ya utalii haimruhusu kufundisha hata kama hamumlipi shilingi. Kujitolea nako ni kazi. Vinatakiwa viwili: kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni, na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Vyote huombwa kwa mtandao na shule ndiyo yenye mzigo wa kuomba. Shule nyingi hukosea kwenye herufi za madaraja. Daraja B la kibali cha kazi linawahusu walimu wa sayansi na hisabati, na mwalimu wa Kiingereza hayumo. Yeye huangukia daraja jingine, na shule ya taasisi ya dini au ya hisani iliyosajiliwa ina daraja lake tena. Upande wa Uhamiaji herufi ni zilezile lakini maana ni nyingine: huko B ni ya walioajiriwa, na C ni ya wanaojitolea, wanafunzi na watafiti. Mtu akijaza fomu moja kwa kunakili nyingine, maombi yanarudi na wiki zinapotea. Nendeni ofisi ya kazi mkaulize daraja kabla hamjalipa ada yoyote.

Shahada yake ya nje inahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na cheti cha sekondari kulinganishwa na Baraza la Mitihani (NECTA). Mwombeni pia hati ya polisi wa kwao inayoonyesha hana rekodi ya makosa, na msione aibu kuiomba, kwa sababu mnamkabidhi watoto. Kibali kikitoka kinataja mwajiri na mahali pa kazi, hivyo asipelekwe kufundisha tuisheni kwenye shule ya rafiki yako Msalato hata Jumamosi moja. Septemba siyo mapema mno kuanza haya yote. Mkianza Novemba, atakaa wiki kadhaa kwenu bila ruhusa ya kugusa chaki, na huo ndio mwanzo mbaya kuliko yote.

Sasa nyumba. Msimpe nyumba nzuri iliyo peke yake mwisho wa eneo la shule. Mpeni ya kawaida yenye jirani, na jirani huyo awe mwalimu mwenye familia anayepika jioni na asiyeona tabu kugongewa mlango. Upweke wa mgeni huanza saa kumi na mbili na nusu jioni jua likizama, na geti la karibu lenye sauti za watoto linamsaidia kuliko kochi jipya.

Maji ndiyo mtihani wa kwanza. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma inatoka visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora, kwa hiyo ninyi mko karibu na chanzo, lakini kuwa karibu na kisima siyo kuwa na maji bombani kila siku. Pigeni hesabu ya mtu mmoja: kuoga ndoo moja ya lita 20, choo cha kuvuta lita 25 hivi, kupika na kuosha vyombo lita 10, kunywa lita 3, na nguo za Jumamosi lita 60. Hiyo ni kama lita 67 kwa siku. Tanki la lita 1,000 linamtosha wiki mbili, na Oktoba akianza kuoga mara mbili linashuka hadi siku kumi na moja. Liwekwe juu ya mnara mfupi ili maji yashuke yenyewe, na mfuniko ubane sawasawa, la sivyo mtakuwa mnafuga mbu. Mwonyesheni kwa mkono wake jinsi ya kugonga tanki kusikiliza kina cha maji, na ni nani wa kupigiwa simu likifika robo. Asisubiri likauke.

Mwambieni mapema kwamba maji yetu yana chumvi. Sabuni haitoi povu la kutosha, nywele zinakauka, na birika la umeme linajenga ukoko mweupe ndani (siki kidogo na maji ya moto huutoa). Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi chumvi. Wageni wengi huchemsha mara mbili tatu wakidhani ladha itabadilika, na kwa kuwa maji yanapungua huku chumvi ikibaki, ladha inazidi kuwa mbaya. Yakitokota dakika moja nzima yanatosha kwa usalama. Kwa kunywa, mtungi mkubwa wa maji ya dukani na pampu yake ndogo ndiyo njia ya amani kwa miezi ya kwanza.

Umeme una fundisho lake. Vifaa vya Marekani ni vya volti 120 na sisi tuna 230. Chaja za simu na kompyuta mpakato huwa zimeandikwa 100–240, hizo zitafanya kazi kwa kubadilisha plagi tu, ila mashine ya kukaushia nywele au pasi kutoka kwao itaungua siku ya kwanza na huenda ikaangusha swichi ya nyumba nzima. Mwandikieni hilo kabla hajafunga begi. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mfundisheni kwa kutenda: aingize namba ya mita kwenye simu, alipe, apokee tokeni ya tarakimu 20, aibonyeze kwenye mita. Mwambieni pia kwamba kodi ya jengo inakatwa humohumo, kwa sababu akinunua mara ya kwanza kwa mwezi na uniti zikatoka pungufu atadhani kaibiwa, na ataona haya kuuliza. Jikoni mtungi wa gesi wa kilo 6 unamtosha mtu mmoja mwezi na zaidi kidogo. Afundishwe kufunga valvu kila akimaliza kupika, na kupima uvujaji kwa povu la sabuni, siyo kwa kiberiti.

Atafika katikati ya mvua. Huku kati mvua ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na korongo lililo kavu saa sita laweza kuwa mto saa tisa. Hiyo siyo habari ya kumwambia akiwa tayari juu ya bodaboda. Bodaboda wa mvua anasimama na kusubiri, havuki. Chandarua kiwepo kabla hajaingia, hata kama malaria ya Dodoma ni ndogo ukilinganisha na Kigoma au Geita. Nge wapo, hivyo viatu vikung'utwe asubuhi. Juni na Julai atahitaji blanketi zito, jambo ambalo hakuna mgeni anayeliamini akiwa bado kwao, na Agosti hadi Oktoba upepo na vumbi vitamsumbua macho, hasa akivaa lenzi. Aje na miwani.

Kuna kosa dogo linaloharibu mengi, nalo ni saa. Yeye akisikia "saa mbili" anafikiri ni mchana baada ya chakula. Ukimwambia kwa Kiingereza mkutano ni "eight o'clock" ukimaanisha saa nane mchana, huenda akaja usiku, au akafika asubuhi akakuta ofisi ya walimu iko tupu. Kwa muhula wa kwanza, kila muda anaoandikiwa uandikwe kwa namna zote mbili: saa 2:00 asubuhi na 8:00. Tarehe nazo zina hatari ileile, kwa sababu Wamarekani hutanguliza mwezi. Yeye akiandika ubaoni 4/1, wanafunzi wanasoma tarehe nne Januari, kumbe kwake ni Aprili mosi. Kwenye rejista na kwenye barua za insha jambo hili huleta fujo kabisa. Mkubaliane mwezi uandikwe kwa jina.

Hapo ndipo tunaingia darasani. Tahajia ya shule zetu na ya mitihani ni ya Uingereza: "colour", "centre", "programme". Hatakiwi kubadili namna anavyozungumza, lakini ubaoni na kwenye madaftari afuate vitabu vya Taasisi ya Elimu. Vitabu hivyo vinasomeka kwenye maktaba mtandao ya Taasisi, mtumieni kiungo akiwa bado kwao.

Kabla ya yote mwelezeni Kidato cha Kwanza ni nani. Mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili miaka yote, Kiingereza kikiwa somo moja tu kati ya masomo. Januari anaamka na kukuta baiolojia, jiografia na hisabati zote ni za Kiingereza. Kozi ya awali ya wiki chache inasaidia lakini haifungi pengo lote. Mgeni asiyejua hili huona mtoto kimya na kuhitimisha kwamba ni mzito wa akili, kumbe ni yuleyule aliyekuwa wa tatu darasani shule ya msingi kwa Kiswahili. Nasisitiza hapa kwa sababu mtoto anaweza kuipoteza shule yote kwenye muhula huu mmoja, na mwalimu mgeni mwenye subira ana nafasi kubwa ya kumshika mkono.

Kisha kuna ile "Yeees, madam" ya darasa zima. Akiuliza kama wameelewa watajibu ndiyo kwa pamoja, na jibu hilo ni heshima, halina habari yoyote ndani yake. Kibaya zaidi ni swali la kukanusha. Sisi ukiulizwa "Hujaelewa?" na kweli hujaelewa, unajibu "Ndiyo". Kwa Kiingereza jibu hilo hubeba maana nyingine, na mwalimu anaendelea mbele akidhani mambo ni safi. Aache kabisa maswali ya namna hiyo. Badala yake awape kitu cha kufanya: kila mmoja aandike sentensi moja, abadilishane na jirani, yeye apite kwenye madawati asome kumi. Dakika tatu zinamwonyesha ukweli.

Azungumze polepole kuliko anavyodhani ni polepole. Akishauliza swali asubiri sekunde kumi kimya, asijijibu. Ukimya huo ni mrefu sana kwa mgeni, na kwa kawaida huujaza kwa kurudia swali kwa maneno mapya, ambapo mwanafunzi aliyekuwa anatafsiri kichwani analazimika kuanza upya. Kama lazima arudie, arudie maneno yaleyale.

Matatizo ya lugha ya wanafunzi wetu mwoneshe mapema ili asiyagundue moja moja hadi Agosti. Kiswahili kina irabu tano tu, hivyo "ship" na "sheep" husikika kitu kimoja, na "cut", "cat" na "cart" vilevile. Maneno yetu huishia na irabu, ndiyo maana "book" linatoka "buku". "Yeye" haina jinsia, basi "he" na "she" zinachanganywa hata na mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayejua kanuni vizuri kabisa. Huko siyo kutojua, ni ulimi kutangulia. Kiambishi "-ni" cha mezani, nyumbani na shuleni kinabeba kazi ya "in", "on" na "at" zote, kwa hiyo hivyo vihusishi havitanyooka kwa somo moja. Upande mwingine wana faida: sauti ya "th" inayowatesa wanafunzi wa mataifa mengi sisi tunayo kwenye thelathini, na nyingine kwenye dhahabu. Ila huku bara wengi husema "salasini" na "zahabu". Mwalimu mwenza akiwarekebisha Kiswahili chao kwanza, Kiingereza kinanyooka bila kazi ya ziada. Hili ni jambo ambalo mgeni hawezi kulijua bila kuambiwa.

Huyo mwalimu mwenza ndiye uamuzi wako mkubwa kuliko wote. Ateuliwe kwa jina, na apunguziwe vipindi viwili au vitatu kwa wiki ili nafasi hiyo iwe kazi, siyo hisani. Wiki mbili za kwanza mgeni akae nyuma ya darasa aangalie wengine wanavyofundisha. Baada ya hapo afundishe, mwenza akiwa ndani angalau vipindi viwili kwa wiki. Hatari yake moja ni mwenza kugeuka mkalimani. Wanafunzi wakijua kwamba kila sentensi itafuatwa na Kiswahili, wanaacha kusikiliza Kiingereza ndani ya siku tatu. Wekeni utaratibu: kwanza Kiingereza chepesi, kisha mchoro au kitendo, na Kiswahili kije mwisho, neno moja tu lililokwama. Ukumbuke pia kwamba maombi ya kibali yanadai mpango wa namna Mtanzania atakavyorithi ujuzi wa mgeni. Shule nyingi huujaza kwa maneno matupu. Ninyi mnaye mtu wa kuandika hapo.

Vipindi visizidi 16 kwa wiki muhula wa kwanza. Najua atasema anaweza 25, na bodi itataka 25. Fanyeni hesabu ya madaftari kwanza. Mikondo mitatu ya wanafunzi 60 ni madaftari 180, na kwa dakika mbili kila moja ni saa sita za kusahihisha zoezi moja tu. Wageni wengi hujaribu kusahihisha kila kosa kwa wino mwekundu, wanakesha, na ifikapo Machi wamekwisha. Zoezi moja kamili kwa wiki kwa kila mkondo linatosha, akisahihisha kosa la aina moja tu lililofundishwa wiki hiyo. Mengine apige mstari chini na kuyaacha.

Msimpe Kidato cha Nne, wala cha Pili akiwa peke yake. Hao wana mitihani ya taifa Novemba, na mwalimu asiyejua namna maswali yanavyotungwa na alama zinavyogawanywa atawachelewesha bila kukusudia. Nguvu yake iko kwenye kusikiliza na kuzungumza, kwenye maktaba, kwenye midahalo, na kwenye insha za Kidato cha Kwanza na cha Tatu. Michezo ya lugha ataileta, na michezo ina kelele. Mwalimu wa darasa la jirani atalalamika ofisini kabla hajamwambia mwenyewe, na mgeni atajikuta anasalimiwa kwa baridi bila kujua kosa lake. Tengeni mti wenye kivuli kwa vipindi hivyo, na siku zake zijulikane.

Kuhusu fimbo, ongeeni naye kabla ya siku ya kwanza. Kanuni za mwaka 2002 zinampa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, ruhusa ya adhabu hiyo, isizidi viboko vinne, na iandikwe kitabuni. Yeye anatoka mahali ambako mwalimu kumchapa mtoto kunaweza kumpeleka polisi, ingawa kwenye majimbo kadhaa bado kunaruhusiwa. Akiona mwanafunzi anachapwa ovyo koridoni, kinyume hata na kanuni zetu, hatalala. Mwambieni sheria inasema nini, mhakikishieni kwamba yeye hatalazimishwa wala kuombwa kumpeleka mtoto akachapwe, na nyumba yenu iwe safi kwenye jambo hili. Kwa maoni yangu adhabu nyingi zinazotolewa kwa ajili ya Kiingereza, mfano mtoto kuchapwa kwa kuongea Kiswahili, zinaua ulimi ambao mmemwita mwalimu kutoka mbali aje kuufungua.

Ofisini, mfundisheni salamu kabla ya sarufi. Shikamoo amwamkie kila aliyemzidi umri waziwazi, mpishi na mlinzi wakiwemo, na wanafunzi wakimwamkia aitikie marahaba bila kucheka. Akijua na "Mbukwenyi" ya Wagogo, sokoni watampenda siku hiyohiyo. Mfafanulieni pia Kiingereza chetu kilichojaa Kiswahili. Mwenzake akimwambia "sorry" alipojikwaa, anampa pole, hakiri kosa. Akimwambia "I'm coming" huku anaondoka, maana yake ni nakuja, nitarudi. Na akisifiwa kwamba amenenepa, amesifiwa. Maneno hayo matatu yamewaumiza wageni wengi bure.

Chai ya saa nne ni mahali pa kazi. Hapo ndipo habari zote za shule hupita, kwa hiyo mgeni anayebaki darasani kusahihisha wakati huo anajitenga bila kujua. Kama hali nyama, waambieni jikoni kwamba mchuzi wa nyama nao ni nyama, kwa sababu mpishi mwema atamwondolea minofu na kumwekea mchuzi kwa moyo mmoja. Maharage, mlenda, mchicha na ugali wa mtama au uwele vinamtosha. Karanga achague zilizo kavu, ngumu, zisizo na ukungu wala mikunjo. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliwahi kuua watu mwaka 2016 Chemba na Kondoa, na chanzo kilikuwa mahindi yenye sumu hiyo; karanga nazo huingiwa nayo zikihifadhiwa vibaya.

Pesa ni eneo ambalo mgeni huumia kimyakimya. Ndani ya mwezi atapata kadi za michango ya harusi, ombi la mkopo kutoka kwa mwenzake, na mwanafunzi atakayemfuata machozi yakimtoka kuhusu ada. Akisaidia mmoja, kesho wako kumi. Akikataa wote, anajiona mkatili. Mwokoeni kwa utaratibu: achangie mfuko wa walimu wa faraja na sherehe kiasi kilekile wanachotoa wengine, na suala la ada za wanafunzi liende kwa mkuu wa shule tu. Mtangaze hilo kwenye kikao cha walimu akiwa hayupo, ili asionekane yeye ndiye aliyeleta masharti.

Masharti ya ulinzi wa watoto yawe kwa maandishi na ayasaini. Mwanafunzi asiingie nyumbani kwake akiwa peke yake, hata kuchukua kitabu. Picha za wanafunzi zisiende mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtoto ni taarifa yake. Wageni huweka picha hizi kwa nia njema kabisa, ndiyo maana wengi hawajui kama wamekosea.

Wikiendi msimpangie sana. Jumamosi moja mwenza ampeleke soko la Majengo, amfundishe kuuliza bei na kuondoka hatua mbili. Februari na Machi ni mavuno ya zabibu, na tena Agosti na Septemba. Anunue kwa mkulima barabarani, azioshe vizuri. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, ni safari ya siku nzima na inafaa aende na wanafunzi wa historia kuliko aende peke yake. Dar es Salaam siyo mbali tena tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, saa tatu na nusu hadi nne, na kujua tu kwamba anaweza kwenda kuiona bahari Ijumaa akarudi Jumapili kunampunguzia mtu hisia ya kufungiwa. Kabla ya hapo awe na namba tatu kwenye simu: dereva wa bajaji anayeamka usiku, muuguzi wa zahanati ya karibu, na wewe. Na ajue akiugua sana anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini au Benjamin Mkapa kule chuo kikuu, na bima yake inalipa kwa njia gani; bima nyingi za nje hutaka ulipe kwanza na kudai baadaye, hivyo awe na akiba mkononi.

Mwisho, panga kukaa naye dakika ishirini kila Ijumaa kwa wiki nane za kwanza, na usimwulize kama kila kitu kiko sawa, maana atajibu ndiyo kama wanafunzi wako. Mwulize wiki hii maji yalikatika siku ngapi, alikula na nani jioni, na ni darasa gani lilimshinda. Wiki ya sita hadi ya kumi ndiyo ngumu zaidi, ugeni ukiwa umekwisha na ulimi wa Kiswahili haujafunguka. Ndipo yule kijana wenu alipoondoka. Kipindi hicho mpunguzie zamu, siyo vipindi. Na kama mnafikiri kumwongezea mwaka wa pili, mwulizeni Agosti, kwa sababu kuhuisha vibali kunachukua muda kama kuviomba upya.